Bi Nyusi na Miwani ya Mkwe

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, na mwenyewe hakulitaka tena. Mtaa mzima ulimwita Bi Nyusi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya nyusi zake mwenyewe, nyeusi, nene, zilizopinda vizuri hata mtu akadhani zimechorwa. Kwenye kibao cha saluni yake alichorwa yeye, uso mkubwa wa rangi ya chungwa, na mchoraji, ambaye hakuwa fundi wa kutisha, alikosea pua, akakosea mdomo, akakosea masikio, lakini zile nyusi alizipatia. Bi Nyusi akamlipa bila kunung'unika. Alisema vilivyobaki si muhimu.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbele cha nyumba yao. Kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa hakizunguki tena, kioo kirefu, rafu mbili za chupa na vichana, na benchi la kusubiria ambalo walikaa watu wasiosubiri chochote. Hapo ndipo maneno yote ya mtaa yalipopikwa. Bi Nyusi alifanya kazi huku akisikiliza, ncha moja ya uzi meno yameibana, ncha nyingine vidoleni, uzi unakwenda mbio kwenye uso wa mtu na vinywele vinaruka. Mabibi harusi wote wa mtaa ule walipita mkononi mwake, na wengine mama zao walipita pia.

Sasa basi, umri ni umri. Bi Nyusi alipovuka arobaini, kiasi gani alivuka tusiulizane, maandishi yakaanza kumkimbia. Yalianza ya kwenye simu, yakafuata ya kwenye chupa, halafu ya kwenye pakiti za sindano. Na yeye hakukubali hata siku moja kwamba ni macho. Alisema viwanda vya siku hizi ni bahili wa wino. Alisema umeme umepungua nguvu. Alimwambia mtengeneza simu kwamba simu ina ukungu ndani, na yule kijana akaifungua, akaipuliza, akaifunga, akachukua chake.

Mumewe hakumsaidia kitu, maana naye ugonjwa ulikuwa ule ule. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na gazeti alilisoma kwa mikono iliyonyooka mbele, kama bado yuko kwenye usukani. Mbali aliona vizuri sana. Mbuzi akipita mwisho wa barabara angekuambia ni wa nani. Lakini bili ya maji ikiletwa mlangoni, mume anamwambia mke aisome, mke anasema yuko jikoni, na bili inakaa mezani mpaka binti yao arudi kazini. Ukiwauliza watakwambia mle ndani hakuna mwenye shida ya macho. Shida ilikuwa mikono, ilikuwa mifupi.

Ungedhani fundi wa nyusi asiyeona karibu atafunga duka. Wapi! Bi Nyusi alifanya kazi kwa kupapasa na kwa mazoea, na ili aone angalau kidogo aliegemea nyuma, shingo kaivuta, kidevu kakiinua. Mtu akiegemea namna hiyo mkono nao unapanda, uzi unang'oa za chini na wanja unachora juu. Basi nyusi za wateja zikaanza kupanda. Kidogo kidogo, mwezi huu hapa, mwezi ujao juu zaidi, mpaka zikafika katikati ya paji la uso. Wateja wake wa zamani walikuwa rika lake, macho yao ya rika lake. Walijitazama kwenye kioo, wakaona kitu cheusi kiko juu pale, wakasema, umenitoa vizuri, shoga. Mabinti waliona mama zao wamebadilika, wakadhani ndiyo mtindo mpya, nao wakaja watengenezwe hivyo hivyo.

Ndipo mtaa mzima ukawa na uso wa kushangaa. Muuza nyanya alishangaa, karani wa posta alishangaa, mwalimu mkuu wa kike alishangaa hata watoto wakadhani kila jibu lao ni jipya duniani. Alipofariki mzee mmoja aliyekuwa ameugua miaka na miaka, mpaka wanawe walishazoea, wanawake walikaa msibani na nyuso za watu walioambiwa habari dakika ile. Jamaa wa marehemu waliotoka mbali waliguswa sana na jambo hilo.

Mambo yangeendelea hivyo kama binti yake Bi Nyusi asingepata mchumba. Na kati ya wanaume wote waliojaa duniani, wenye maduka, wenye magari, wenye vyeo, binti wa watu akamleta fundi miwani.

Kijana alikuja vizuri, amechomekea shati, mkononi ameshika kopo kubwa la biskuti. Akaamkia, shikamoo baba, shikamoo mama, akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama inavyotakiwa. Bi Nyusi alipokea kopo na kutaka kuonyesha ustaarabu kwa kusoma kilichoandikwa. Akalinyoosha mbele. Halikutosha. Akaliweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, mpaka mgongo ukagusa kabati. Pale pale akatamka kwa sauti ya heshima kwamba ahsante sana mwanangu kwa maziwa ya unga.

Mtu mwingine angenyamaza. Lakini kijana alikuwa mkweli, maradhi ambayo hayana miwani. Akasema kwa adabu kwamba mama akipata nafasi apite dukani ampime. Akaeleza, maana hakuulizwa, kwamba jicho lina lenzi ndani, ujanani ni laini, linajibana likitaka kuona karibu na kujiachia likitaka kuona mbali. Umri ukipita arobaini ile lenzi inakakamaa. Miwani ya kusomea haiponyi kitu, ila inalifanyia jicho kazi ile ya kujibana, maandishi ya karibu yanatulia. Kila mtu anafika hapo, mama, wala si aibu. Baba mkwe mtarajiwa akakohoa na kutazama dirishani, mbali, kule ambako aliona vizuri.

Kijana alipoondoka Bi Nyusi alichachamaa. Alisema mwanamume anayemtia mama mkwe kasoro siku ya kwanza, siku ya pili atamkagua binti, siku ya tatu atawapanga ukoo mzima mstari awapime. Alisema hata posa haijakaa sawa ameshamwita kipofu. Binti alimwacha aseme mpaka akachoka, halafu akamwambia kwamba huyo ndiye aliyemchagua. Wiki iliyofuata akarudi na kifuko kidogo. Ndani mlikuwa na miwani ya kusomea, fremu nyeusi, zawadi ya mkwe. Bi Nyusi aliitia kwenye droo ya saluni, chini ya taulo, akafunga kama amefunga nyoka.

Lakini umbea ni umbea. Siku moja saluni ilipokuwa tupu aliichomoa, akaivaa, akashika tyubu ya kwanza iliyokuwa karibu. Maandishi yote yakaja. Alisoma kila kitu, namna ya kutumia, namna ya kutunza, weka mbali na watoto, mpaka anwani ya kiwanda. Alisoma kwa sauti, kwa raha, kama mtu anayesimuliwa mambo ya jirani. Moyo wake ulifurahi kweli kweli, na hapo angeokoka. Akakosea akainua uso kwenye kioo. Fremu ilikuwa imekaa sawasawa juu ya nyusi. Zile nyusi za kwenye kibao, zile zilizowalea yeye na mumewe na bintiye, hazikuonekana hata kidogo. Tangazo la biashara limefunikwa! Akaivua, akairudisha chini ya taulo. Kama angegeuka amtazame mteja mmoja tu kwa miwani ile, hadithi hii ingeishia hapa.

Halafu kulikuwa na jambo jingine. Kwenye kona ya barabara palifunguliwa saluni mpya, na fundi wake, mwanamke wa makamo, alivaa miwani waziwazi, tena yenye kamba shingoni. Bi Nyusi alimtafuna huyo mwanamke benchini kutwa kucha. Fundi gani wa uso anayefanya kazi na madirisha? Huyo si fundi, ni kipofu mwenye mkasi. Benchi lilicheka, na aliyecheka zaidi ni shoga yake mkubwa, muuza vitambaa, ambaye sindano zake alitungiwa uzi na wapita njia. Maneno hayo yalisemwa mbele ya watu wengi mno. Hayakuwa na mlango wa kurudia.

Harusi ilipokaribia, marafiki wa binti wakamkalia kooni aende kona. Walimwambia tazama nyuso za watu, mwenzetu, unataka picha zako za harusi zote uwe umeshtuka? Binti aliona. Macho yake yalikuwa mazima, na alikuwa ameyaona hayo mapema kuliko wote. Lakini alijua pia kwamba bintiye Bi Nyusi akitengenezwa uso kwenye kona, basi kibao cha mlangoni kishushwe, na mama yake hatakuwa na la kusema tena mtaani. Jioni moja, wakifagia saluni, akaegemea ufagio akasema, "Mama, nyusi zangu utatengeneza wewe. Ila utavaa miwani."

Bi Nyusi alitaka kuwaka, akamtazama, akaona hatanii. Akala kiapo. Aliapa kwa roho safi, nami nashuhudia kwamba siku ile alikusudia kabisa kukitimiza.

Asubuhi ya harusi ikafika na saluni ikajaa. Shoga yake muuza vitambaa alikuwa wa kwanza benchini, akafuata shangazi wa bwana harusi, mwanamke mzito wa maneno aliyekuja kuona mwali anavyoandaliwa, wakafuata majirani. Wengine walisimama mlangoni. Binti alikaa kwenye kiti, taulo shingoni, macho yake kwenye droo. Bi Nyusi naye aliitazama droo, kisha akalitazama benchi. Akamwona shoga yake, akamwona shangazi. Akakumbuka madirisha, akakumbuka kipofu mwenye mkasi. Mkono ulikwenda mpaka kwenye kishikio cha droo, ukaipapasa, ukarudi na kichana.

Sikilizeni sasa. Kwenye rafu kulikuwa na tyubu mbili kutoka kiwanda kimoja, zote za rangi ya waridi, zote za saizi moja. Moja rangi ya kukoleza nyusi, ya pili dawa ya kung'oa vinywele vya miguuni. Tofauti yake ilikuwa maandishi tu. Bi Nyusi hakuyahitaji maandishi. Alijua kwamba rangi hukaa karibu na kopo la vichana na dawa hukaa karibu na taulo, basi. Ila jana yake mumewe, kwa furaha ya kumwoza binti, aliamua na yeye asaidie kitu. Alipangusa rafu zote, akatoa kila kilichopo, akakirudisha palipompendeza. Zile tyubu alizisoma, kwa mikono iliyonyooka, akaridhika.

Bi Nyusi akachukua ya karibu na vichana. Akaanza na unyusi wa kulia, akaupaka vizuri, kwa madaha, mwali ndiye mwali. Binti alikuwa amefumba macho. Baada ya kitambo alisema, mama, inawasha. Mama yake akamwambia ndiyo inashika, tulia. Benchi likampa pole na kumsimulia lilivyowashwa lenyewe siku za harusi zake. Kisha Bi Nyusi akachukua kitambaa, akafuta kwa mkono mmoja, kuanzia puani kwenda sikioni. Kitambaa kikatoka cheusi. Akafurahi, kwamba rangi hii imekolea hata inabaki.

"Imekaa!" alisema shoga yake.

Shangazi akaongeza kwamba huo unyusi umekaa kana kwamba haukuguswa na mkono wa mtu. Majirani wakakubali. Mle ndani watu wote walikuwa na macho ya kuonea mbali, na hakuna aliyekuwa mbali.

Binti akafumbua macho, akajitazama kwenye kioo. Upande wa kushoto alikuwa na unyusi. Upande wa kulia alikuwa na ngozi, nyororo, inang'aa. Hakulia, hakupiga kelele. Alimgeukia mama yake polepole.

"Mama, vaa miwani," akasema. "Si kwa ajili yangu tena, mimi nimeshanyolewa. Vaa unione."

Bi Nyusi aliweka kitambaa chini. Akaivuta droo, taulo likaanguka chini, na mbele ya shoga yake, mbele ya shangazi, mbele ya mtaa mzima, akaivaa miwani ya mkwe.

Akamwona. Aliona kwanza pale alipopaharibu, maana palimkodolea. Halafu akaona vilivyobaki. Lilikuwepo kovu dogo la tetekuwanga, karibu na jicho, ambalo kipele chake yeye mwenyewe alikizuia kisikunwe binti alipokuwa mtoto wa chekechea. Palikuwa na mikunjo miwili miembamba pembeni mwa mdomo. Kope zilikuwa na maji. Miaka mingapi alikuwa amelala na kuamka nyumba moja na uso huu na hakuuona? Alikuwa akiukisia tu. Aibu ilimbana, na uchungu, na huruma, vyote kwa pamoja, na machozi yakamwagika yakatia ukungu kwenye vioo vile.

"Utalia baadaye," binti alisema. "Sasa hivi nichore."

Bi Nyusi alifuta vioo kwa upindo wa gauni. Akachonga penseli ya wanja mpaka ikawa kama sindano. Hakuegemea nyuma. Aliinama mbele, pua karibu na pua ya mwanawe, akaanza kuchora unywele mmoja, akafuata wa pili, wa tatu, kila mmoja na mlalo wake, mnene penye mzizi na mwembamba penye ncha, akitazama wa kushoto na kurudi wa kulia. Benchi lilinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu linunuliwe. Jasho lilimtiririka. Alipomaliza alisimama pembeni ya kiti, na binti akajitazama kwa muda mrefu, kushoto, kulia, kushoto tena. Kisha akashika mkono wa mama yake ulioshika penseli akaubusu. Kazi ya maisha ya Bi Nyusi ilikuwa ile, unyusi mmoja usiokuwepo.

Ukumbini alikaa karibu na binti na penseli yake mkobani, tayari kwa lolote, kwa maana joto lilikuwa kali na wanja ni wanja. Kwa hiyo hakuivua miwani. Bwana harusi alipokuja kumwamkia mama mkwe, alikuwa ameshamtazama mkewe kwa yale macho yake ya kazi, na huyo hapitwi na kitu. Akainama akasema chini kwa chini kwamba wa kulia ndio mzuri zaidi. Bi Nyusi akamjibu kwamba wa kulia umechorwa kwa msaada wa miwani yake. Wakacheka wote wawili, na tangu siku ile hawakukosana.

Ila miwani ya kusomea haichagui cha kukuonyesha. Mbali yote ilikuwa ukungu, ukumbi umegeuka mvuke wa rangi rangi. Na kutoka kwenye ukungu ule wageni walikuja mmoja mmoja kumpa mkono wa hongera, na kila aliyefika karibu uso wake uliiva ukaonekana. Akaja muuza nyanya, nyusi zake ziko juu, mmoja umelala, mmoja umesimama. Akaja karani wa posta, nyusi zimekaribia kugusa nywele. Akaja mwalimu mkuu, na wa kwake mmoja ulikuwa na mkia. Kila mmoja alimshangaa. Bi Nyusi aliwashika mikono akasema ahsante, ahsante sana, huku akiitambua kazi ya mkono wake. Mstari ulikuwa mrefu.

Wa mwisho alikuwa shoga yake muuza vitambaa. Huyo hakutoa hongera. Alikaa, akasogeza kiti, akamwegemea sikioni akauliza hicho kitu kinaonyesha kweli? Bi Nyusi angeweza kukataa. Angeweza kusema kimeharibika, kinaumiza kichwa, ni cha mgeni. Alimtazama shoga yake, akatazama zile nyusi mbili alizomtengenezea juzi, na akaona kwamba akidanganya leo atadanganya mpaka kaburini. Akaivua miwani, akampa. "Nenda nayo kwenye kioo," akamwambia. "Ukirudi unitukane, nimekaa hapa."

Shoga akaenda kwenye kioo cha ukumbini. Alikaa huko. Baadaye muuza nyanya akamfuata kuona kulikoni, naye akaazimwa. Kisha karani. Miwani ile ikatoka pua hii ikahamia pua ile, meza kwa meza, na kila ilipopita soga zilikatika. Bi Nyusi alikaa kwenye kiti chake bila miwani, mikono mapajani, akisubiri kutukanwa. Kutoka pale alipokaa, kwa macho yake ya kuonea mbali, aliona kila kitu.

Jumatatu fundi miwani alikuta foleni mlangoni kwake. Bi Nyusi alikuwa wa kwanza, na nyuma yake mumewe, na nyuma yao wanawake wa mtaa mzima, nyusi juu, wote na ule uso wa kushangaa. Safari hii walikuwa wanashangaa kweli.